Chambo Nilichompa Mkunga

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha asubuhi, kidogo tu, ya kulitia vumbi adabu. Inatosha. Kila msimu wa mvua nafungua daftari jipya na kuandika habari za bwawa: maji yana rangi gani, samaki wanataka nini, nimevua kwa chambo kipi. Simwandikii mtu. Kichwa cha fundi wa friji kimejaa gesi na nyaya, samaki hawapati pa kukaa humo.

Mwaka huu kuna jipya. Mke wangu amestaafu. Amekuwa mkunga tangu tulipooana, amezalisha nusu ya mji huu, na hata leo hatufiki sokoni bila mtu kutusimamisha na kumsukuma mbele kijana mwenye ndevu: "Huyu hapa, mama, ulimtoa wewe!" Sasa yuko nyumbani mchana kutwa, na nyumba yetu ni ndogo.

Jioni nilikuwa karakanani nakagua mishipi. Akaja akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Msimu huu twende wote," akasema.

"Wapi?"

"Bwawani. Kwani wewe unakwenda wapi kwingine?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia binti yetu amepiga simu tena: likizo ya uzazi inakwisha, mapacha wanamtaka bibi yao, na chumba kiko tayari. Anataka mama yake ahamie kule kabisa, si kwenda kutembea na kurudi.

"Umemjibu nini?"

"Nimemwambia atapata jibu mvua zikiisha. Nataka kwanza nione kama humu ndani nina mtu wa kukaa naye, au nina fundi wa friji tu."

Alisema kama utani. Huyu mke wangu mazito yote huyasema kama utani, kazi yake ndiyo imemzoesha hivyo. Nimesema haya, twende, tutaona.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Nimetengeneza friji ya mwenye bucha. Mkunga ameniuliza mara mbili kama samaki wanalala.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kwa Chubwi kununua mshipi. Jina lake halisi silijui. Watu wanamwita Chubwi kwa sababu ni mfupi na mzito, kama kile kipande cha risasi kinachozamisha mshipi, na akishakaa kwenye kiti chake dukani hanyanyuki mpaka jioni. Nikamwambia msimu huu nakwenda na mke wangu, na hajawahi kushika fimbo ya kuvulia.

"Basi tumpe mambo rahisi," akasema, akavuta sanduku. "Mwanafunzi mpe chambo kinachoijua kazi yake chenyewe."

Akaniwekea mezani vyambo vya bandia vya namna tatu. Cha kwanza, mnyoo wa mpira: ndoana unaificha ndani ya mwili wake, hainasi kwenye majani, unarusha, unauacha uzame, unavuta taratibu, basi. Halafu kibati cha kuzunguka: unarusha na kukunja mshipi, chenyewe kinazunguka na kumetameta, hata maji yakiwa na tope samaki anakisikia. Na kimkia cha mpira chenye kichwa cha risasi, unakining'iniza chini ya boya. Boya likizama, vuta.

"Kwa hivi," akasema Chubwi, "hata mama mkwe wangu angevua, na haoni vizuri."

Yote hayo nayajua. Niliyajua kabla Chubwi hajaota ndevu. Nimenunua minyoo na vibati, nikaviweka mfukoni. Lakini njiani nimefikiri. Mtu ukimwanzishia rahisi, anadhani yote ni rahisi. Mkunga nitampa kisamaki changu cha mbao, kile nilichokichonga mwenyewe na kukipaka rangi kwa mkono. Ndicho chambo bora nilicho nacho. Asije akasema nimempa vya dukani.

Jumapili, 9 Machi

Tumeondoka mapema. Amevaa viatu vyake vya mpira vya wodini na kofia yangu kuukuu. Bwawa limepanda kidogo, maji yana rangi ya chai ya maziwa. Nimemkalisha upande wa majani marefu, mimi nikasimama pembeni palipo wazi.

Nimempa kisamaki. Amekipokea kwa mikono miwili.

"Umechonga wewe?"

"Mimi."

"Na unanipa mimi?"

"Hicho ndicho bora."

Amekigeuzageuza, amefurahi kama mtu aliyevishwa pete. Sasa kisamaki hiki hakivutwi tu. Kinaelea juu ya maji, na kikiachwa ni kipande cha ukuni. Inabidi ukitikise kwa kifundo cha mkono, tik, tik, tik, kwa mapigo yanayolingana, na kila pigo uuache mshipi ulegee kidogo, ndipo kiyumbe huku na huku kama samaki aliyeumia. Mimi mwenyewe kilinitesa misimu kadhaa kabla hakijanitii. Nimemwonyesha mara moja.

Ameongea asubuhi nzima. Kuhusu vyura. Kuhusu jirani yetu mshona nguo na kodi ya chumba chake. Kuhusu mama mmoja aliyejifungulia kwenye ngazi za zahanati na akataka mtoto aitwe Ngazi. Nimemwambia samaki wana masikio. Akanyamaza kidogo, halafu akaninong'oneza, "Yako wapi?"

Mimi perege wawili, kwa mnyoo wa mpira. Yeye hakupata kitu.

Jumamosi, 15 Machi

Kisamaki kina ndoana mbili, na kila moja ina meno matatu. Kila akirusha kinarudi na majani kama mtu anayetoka sokoni na mboga. Nimeingia majini kukinasua mpaka suruali imelowa kiunoni.

"Mbona unarusha palepale?" nikamfokea.

"Umeniweka palepale," akasema.

Jumapili, 16 Machi

Mimi wanne. Yeye, majani.

Alhamisi, 20 Machi

Nimerudi kutoka kwa mteja nikamkuta uani anafanya mazoezi. Amefunga chubwi kwenye ncha ya mshipi, ameweka ndoo huko mwisho wa uwanja, anarusha kupita juu ya kamba ya nguo. Jirani yetu mshona nguo alikuwa ameegemea ukuta, anacheka mpaka machozi.

"Mkunga, leo unavua mashuka?"

"Nimeshavua suruali ya mzee," mke wangu akajibu. "Ndiye samaki mkubwa wa leo."

Nikacheka na mimi. Halafu akarusha tena, na chubwi likaingia kwenye ndoo, ko! Akaruka kama msichana. Kurusha kwake hakuna kasoro. Kasoro haiko kwenye kurusha, na mimi najua ilipo. Kinywa nilikifungua kabisa niseme. Kisha nikafikiria bwawa lenye kelele kila Jumamosi na Jumapili mpaka nizikwe, nikaenda zangu karakanani.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua usiku kucha, maji tope tupu. Nimefunga kibati cha kuzunguka, nimepata perege watano na kambale mdogo. Amekuja kuwatazama kapuni, akanipiga bega.

"Hongera, mzee! Kweli fundi ni fundi. Una mkono wewe."

"Mazoea," nikasema.

Mkono gani? Kibati kilikuwa kinazunguka chenyewe. Angetazama vizuri mshipi wangu angekiona, lakini yeye alikuwa akinitazama mimi.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua haijakatika tangu juzi. Bati linavuja juu ya kabati, tumeweka sufuria. Mkunga ameniuliza, tena kwa upole, kama akiwa bwawani ananisumbua.

"Hapana," nikasema. "Kwa nini?"

"Nauliza tu. Ukiwa kule unanipa mgongo."

Nimemwambia anayevua hutazama maji. Jibu hilo limemtosha, au amelifanya limtoshe. Amekwenda kumwaga sufuria.

Jumamosi, 5 Aprili

Leo amejichoma. Kisamaki kilinasa kwenye majani, akakivuta kwa hasira, kikatoka ghafla na kumrukia. Jino moja la ndoana likazama kwenye kidole gumba mpaka ndani.

Mimi ndiye niliyepiga kelele. Yeye amekaa chini, akavuta pumzi, akaniambia nimshikie mkono usitikisike. Akalisukuma lile jino mbele mpaka ncha ikatokea upande wa pili wa ngozi, akaniambia niikate kwa koleo langu, akalirudisha nyuma lilikoingilia. Hakulia. Amefunga kitambaa, akasema, "Haya, turushe tena."

Mfukoni mwangu kulikuwa na minyoo ya mpira. Nilikuwa naigusa kwa vidole wakati anasema hivyo. Toba! Mtu kajichoma mbele yako na bado unashika mfuko. Nimemwambia twende nyumbani, akapumzike.

Jumamosi, 12 Aprili

Ametikisa kisamaki asubuhi nzima, tik, tik, tik, na kidole kimefungwa. Hakuongea sana. Hakupata samaki hata mmoja. Tulipokuwa tunakunja vitu akasema bila kunitazama:

"Labda mimi sina mkono."

Ilitosha kusema neno moja tu. Nikasema, "Uvuvi hauna haraka," nikabeba kapu.

Jumapili, 13 Aprili

Hakuja. Amesema anafua.

Nimekaa peke yangu. Ndege, maji, mshipi wangu. Raha iliyoje! Nimevua watatu.

Jumamosi, 19 Aprili

Hakuja tena. Kimya kizuri asubuhi. Kuelekea mchana nimejikuta nawaza yule mtoto aliyezaliwa kwenye ngazi, kama kweli walimwita Ngazi. Hakukuwa na mtu wa kumuuliza. Nyumbani nimemkuta anaongea na binti kwenye simu, nilipoingia akahamia chumbani.

Jumamosi, 26 Aprili

Leo sikwenda bwawani. Nitaandika kila kitu, maana kichwani hayakai.

Alitoka asubuhi akasema anakwenda mjini. Mchana nilikuwa karakanani, nimelala ubavu nyuma ya friji ya mteja, tochi mdomoni. Nikaona viatu vyake vimesimama. Havikuondoka.

"Toka huko," akasema.

Nikatoka. Mkononi alikuwa na kisamaki changu, kinang'aa, kina ndoana mpya. Kumbe zile za zamani zilishika kutu, na yeye ameamua kuacha uvuvi, basi akataka anirudishie kitu changu kikiwa kizuri, kama anavyorudisha sufuria za watu zimesuguliwa. Amekipeleka kwa Chubwi kibadilishwe ndoana.

"Chubwi kaniuliza ni nani anavulia hiki," akasema. "Nikamwambia mimi. Akacheka, akadhani namtania. Halafu akaona sitanii. Akaniambia hiki hata yeye kinamshinda."

Nikaanza kutafuta kitambaa cha kufutia mikono. Kilikuwa begani kwangu.

"Akaniuliza, 'Mama, ile minyoo na vibati mzee alivyokuchukulia, havikukufaa?' Nikamwuliza vibati gani. Akavuta sanduku akanionyesha. Akanieleza vyote, kimoja kimoja, mtu wa watu, mpaka amenyanyuka kwenye kiti." Akakiweka kisamaki juu ya friji, polepole. "Vile nilivyokuwa naviona kwenye mshipi wako bila kuvitilia maanani. Vya mwanafunzi ulikuwa unavulia wewe, pembeni yangu, na mimi nakupongeza."

Nikazima tochi.

"Ulijua?"

Ningeweza kumwambia nilitaka ajifunze kwa njia ngumu. Ndivyo nilivyoandika humu tarehe nane Machi, na nilijiamini nilipoandika. Lakini huyu amesikiliza vilio vya kweli maisha yake yote, cha uongo anakijua kabla hakijaisha.

"Nilijua," nikasema.

"Kwa nini?"

"Nilitaka ukae kimya." Halafu nikaona hata hiyo bado siyo. "Nilitaka uchoke, uache mwenyewe. Bila mimi kukwambia."

Nilipoyasema ndipo na mimi nilipoyasikia. Yalikuwa madogo kabisa, na machafu.

Akakaa kwenye kreti. Hakulia. Nilitamani alie, ningejua la kufanya.

"Mzee, mimi si yai," akasema. "Ungeniambia, 'Mama, bwawani nataka niwe peke yangu,' ningenuna siku mbili, ningekusengenya kwa jirani, yangekwisha. Kazi yangu yote ilikuwa kuwaambia watu maneno magumu wakiwa kwenye maumivu. Neno lako hilo moja lingenishinda?"

"Nisamehe."

"Ngoja nimalize. Umeniacha nijione mjinga. Nimefanya mazoezi uani, watu wananicheka, nikasema si kitu, nitajifunza. Nilikuwa natikisa mkono kitandani, wewe umelala. Nikadhani uzee umeniingia mikononi." Akaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. "Mikono hii. Siku ile nimejichoma, nilirudi nyumbani nikajiuliza kama wale watoto wa mwisho mwisho niliowatoa walitoka salama kwa kazi yangu, au kwa bahati yao tu."

Ewe Mungu. Hilo sikulifikiria hata siku moja. Mimi nilikuwa nacheza na samaki, kumbe nilikuwa nimeshika kitu chake alichokijenga maisha yake yote, nakibomoa kidogo kidogo kila Jumamosi.

Nikamwambia nisamehe tena. Akasema, "Nimesikia." Mawingu yalikuwa yameshafunga, akatoka kwenda kuanua nguo. Nikatoka nimsaidie. Tumeanua wote, kila mtu upande wake wa kamba.

Jumapili, 27 Aprili

Ameniamkia. Amenipa chai. Adabu tupu, kama mgeni na mwenyeji wake. Heri angenitukana.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua. Nimepanda darini kuziba bati linalovuja. Lilivuja mwezi mzima na mimi nipo.

Jumamosi, 3 Mei

Amekwenda bwawani bila kuniambia. Nimejua kwa sababu viatu vya mpira havikuwa mlangoni. Nimemfuata, nikasimama mbali kwenye njia, sikuthubutu kushuka.

Hakukaa kwenye majani. Amechagua palipo wazi, karibu na bomba linaloingiza maji, mahali ambapo ningemweka tangu siku ya kwanza kama ningekuwa mtu. Alikuwa na mnyoo wa mpira, wake mwenyewe, amenunua kwa Chubwi. Akarusha. Kurusha kuzuri, kwa mazoezi yale ya ndoo. Akauacha uzame, akawa anavuta taratibu, anasimama, anavuta. Mara ya tatu au ya nne fimbo ikapinda.

Alipiga yowe! Wanawake waliokuwa wanachota maji upande wa pili wakaacha ndoo. "Kaza, mama! Usiulegeze!" wakapiga kelele, na yeye anacheka na kurudi nyuma, kofia imeanguka, mpaka perege akatua kwenye nyasi. Si mkubwa. Akamnyanyua kwa mikono miwili, kichwa mbele, jinsi wakunga wanavyoshika, akawaonyesha wale wanawake. Wakapiga vigelegele.

Akapata mwingine. Mimi niko njiani, nimeshika mti, nalia kama mtoto. Nimeishi na mtu huyu ujana wangu wote na utu uzima wangu, na furaha ile ilikuwa iwe yangu kuiona kwa karibu, tarehe tisa Machi, nikiwa pembeni yake. Niliinyima nafsi yangu kwa mikono yangu.

Nimerudi nyumbani kabla hajaniona. Jioni ameniambia, "Kumbe nilikuwa naweza." Nikasema, "Ulikuwa unaweza." Akanisogezea sahani.

Jumamosi, 10 Mei

Nimemwomba twende wote. Akanitazama kidogo, akasema haya.

Nimemwuliza kama kweli yule mtoto aliitwa Ngazi. Loo, kafunguka! Hakuitwa Ngazi, baba yake alikataa katakata, lakini mtaani anaitwa hivyo mpaka leo na ni dereva wa lori. Ameniambia na mengine, ya wodi, ya daktari aliyezimia mbele ya mkewe, ya usiku ambao umeme ulikatika na akazalisha kwa mwanga wa simu ya mgonjwa. Nilikuwa sijui hata moja. Ameongea, na samaki wamekula vilevile. Kumbe hayo masikio yao hayana kazi. Nimecheka mpaka nikakosa pumzi. Naandika kweli: sijawahi kuwa na siku nzuri kama hii kwenye bwawa lile.

Tulipokaa kunywa chai ya chupa nikaona moyo umenipa nguvu. Nikamwambia, "Mama watoto, usiende."

Akaweka kikombe chini.

"Nimekusamehe, mzee. Nataka ulijue hilo, nisikuache unalitafuta. Lakini binti nimeshamjibu. Nilimjibu siku ileile, nilipotoka kwa Chubwi, kabla sijafika nyumbani. Ameshamwachisha kazi yaya, ameshanunua kitanda."

"Ulisema mvua zikiisha. Hazijaisha."

"Zako hazijaisha," akasema. "Zangu zilikwisha."

Hakusema kwa ukali. Akanimiminia chai iliyobaki.

Jumatano, 14 Mei

Nimemfungia fimbo yake kwa kamba, nimeizungushia gunia isije ikavunjika njiani. Nimemwekea minyoo, vibati, vimikia na boya. Amesema inatosha, haendi kufungua duka.

Jumamosi, 17 Mei

Ameondoka. Stendi kulikuwa na matope, nimebeba sanduku kichwani, yeye fimbo. Kijana mmoja wa mizigo akamwita mama, akamwambia ulinitoa wewe, akakataa kulipwa. Tukacheka wote watatu.

Jirani yetu mshona nguo alikuja kumuaga. Akamwambia, "Wenzako mjukuu wao ni majuto, wewe wako ni mapacha." Mke wangu akacheka, akamkumbatia. Mimi nilikuwa nimesimama palepale na wala hakuna aliyenikusudia, lakini limenipata.

Alipopanda ngazi za basi nilitaka niseme neno la maana. Nimesema, "Ukifika piga simu." Akasema, "Kula vizuri." Amekaa dirishani, akapunga mkono ule wenye kovu kwenye kidole.

Jumapili, 18 Mei

Amefika salama.

Ijumaa, 23 Mei

Friji mbili. Nyumba haina sauti isipokuwa compressor ya friji ya mteja, nimeiacha inaunguruma hata baada ya kuitengeneza.

Jumatano, 28 Mei

Amepiga simu. Kuna lambo karibu na kwa binti, mkwe wetu amempeleka, mapacha wamelazwa kwenye mkeka kivulini. Amevua saba! Ananieleza mmoja mmoja, huyu alipigana hivi, yule alikatisha mshipi. Nyuma nasikia binti anacheka na mkwe anabisha kuwa walikuwa sita. Ameniuliza maji ya lambo yakiwa ya kijani afunge nini. Nimemwambia kibati kidogo, avute polepole, alenge kivulini. Nimemwambia ukweli wote ninaoujua, hata ule ambao sijamwambia Chubwi.

"Asante," akasema. "Ungekuwa mwalimu mzuri wewe."

Mtoto mmoja akaanza kulia, akaniaga.

Jumapili, 1 Juni

Mvua zimekwisha. Anga jeupe, maji yametulia, ukingoni unaona mpaka chini.

Nilikuwa nimefunga mnyoo wa mpira, navuta taratibu, mawazo yako mbali. Fimbo ikapinda mpaka nikadhani nimenasa gogo. Gogo likaanza kutembea. Tumevutana naye mpaka mikono ikafa ganzi, nikaingia majini na viatu, nikamkumbatia kifuani na kumtupa kwenye nyasi. Kambale, mrefu kama mguu wangu, masharubu kama ya afande. Samaki wa namna hii sijawahi kumpata na sitampata tena.

Miaka yote nikivua namtia samaki kapuni kimya kimya. Leo nimegeuka pembeni na kupaza sauti, "Njoo! Njoo uone!"

Ng'ambo ya bwawa kulikuwa na bwana mmoja anavua. Akadhani namwita yeye. Akalaza fimbo yake chini, akakunja suruali, akaanza kuja, akizunguka bwawa lote na kuruka madimbwi. Ningeweza kumpungia mkono abaki. Nilishindwa. Nimesimama nachuruzika maji tu mpaka akafika, anahema.

"Aisee! Huyu ndiye mwenye bwawa lake! Shikamoo, mzee. Umeniita?"

"Marahaba. Nilikuwa namwita mke wangu."

Akatazama nyuma yangu, kisha kule kwenye majani, tayari kumwamkia.

"Yuko wapi?"

"Amehamia kwa binti yetu."

"Ah." Akainama, akamgusa kambale ubavuni kwa kidole. "Basi huyu atamkosa."

Nikasema ndiyo, atamkosa.